Namna ya Kuandika Filamu ya Vita Ndani ya Ngano ya Mtoto: Mwongozo kwa Waandishi wa Lindi na Mtwara

Mwandishi anayetaka kuunganisha ukatili wa vita na ngano ya mtoto katika filamu moja ana kazi ya kwanza inayozitangulia nyingine zote, nayo ni kutafuta swali moja ambalo vita na ngano vyote viwili vitamuuliza mtoto huyo. Asipolipata, atajikuta na filamu mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba, moja ya bunduki na nyingine ya mazimwi, na mtazamaji atakaa akisubiri moja iishe ili airudie ile aliyoipenda. Mwongozo huu nimewaandikia waandishi wa kusini, hasa vijana wa Lindi, Kilwa, Masasi, Newala na Mtwara mjini wanaotunga filamu fupi kwa fedha kidogo, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba kusini kuna utajiri mkubwa wa aina hii ya hadithi ambao bado haujaguswa.

Anza kwa kuitazama kazi moja iliyofanikiwa, na uitazame na daftari mkononi. Nashauri Pan's Labyrinth, filamu ya mwongozaji wa Meksiko, Guillermo del Toro, iliyotoka mwaka 2006 na kushinda tuzo 3 za Oscar, ikiwamo ya upigaji picha. Hadithi yake iko Hispania mwaka 1944, miaka 5 baada ya kumalizika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomweka dikteta Franco madarakani. Mtoto Ofelia anahamia na mama yake mjamzito kwenye kinu cha zamani msituni, ambako baba yake wa kambo, Kapteni Vidal, anaongoza askari wanaowasaka wapiganaji waliobaki milimani. Usiku, kiumbe mwenye pembe anamwambia mtoto huyo kwamba yeye ni binti mfalme aliyepotea, na kwamba ni lazima atimize majaribu matatu kabla ya mwezi kuwa mpevu.

Unapotazama, usiandike habari za mazimwi peke yake. Chora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja uandike kila amri inayotolewa na kapteni, na upande wa pili kila amri inayotolewa na kiumbe wa ngano. Ukifika mwisho utaona kwamba pande zote mbili zinadai kitu kilekile, yaani utii usiouliza. Kapteni anawataka daktari, watumishi na mkewe wamtii bila kuuliza. Kiumbe naye, katika jaribu la mwisho, anamtaka Ofelia amtoe mdogo wake mchanga ili damu yake imwagwe, naye Ofelia anakataa. Kukataa huko ndiko kunakoifanya filamu iwe moja. Katika sehemu nyingine za hadithi ngano haimfichi mtoto na vita hata mara moja, bali inampima kwa kipimo kilekile ambacho vita vinawapimia watu wazima waliomzunguka.

Sasa rudi nyumbani, uchague vita vyako. Kusini tunavyo vingi: mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 kati ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani, na vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, wakati ambapo wakimbizi walivuka Ruvuma kwa makundi na wapiganaji wa FRELIMO wakafanya mazoezi Nachingwea. Hata hivyo, kwa mwandishi anayeanza, nashauri Maji Maji, kwa kuwa ndani yake ngano na historia vilikuwa vimekwisha kukutana kabla ya mwandishi yeyote kufika.

Fikiria mambo haya. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vikaanza. Kabla ya hapo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewagawia watu dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama, wakiahidiwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Wazee waliohojiwa na wanahistoria miaka ya 1960 walisimulia kwamba Kinjikitile alivutwa na pepo akaingia ndani ya kidimbwi cha mto, ndugu zake wakalala ukingoni wakimngoja, wale waliojua kupiga mbizi wakamtafuta wasimwone, na kesho yake akatoka mzima, nguo zake zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vikaenea kusini yote hadi mwaka 1907. Jeshi la kikoloni likachoma vijiji, mashamba na akiba za nafaka, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo vyote huanzia 75,000 na kufika 300,000.

Mwandishi akishika habari hizi asikimbilie kumfanya Kinjikitile mhusika mkuu. Yeye ni mtu wa historia, ana ukoo na ana heshima yake, na filamu yetu inamhusu mtoto. Mweke mbali, katika midomo ya watu wazima wanaonong'ona. Mtoto ajue jambo moja tu: kwamba baba yake alipewa maji na mtama, akaenda, hakurudi.

Kisha chagua zimwi lako, na hapa Lindi imebarikiwa kuliko sehemu nyingi duniani. Katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, si mbali na bonde la mto Mbwemkuru, mifupa mikubwa ya dinosaria ilikuwa ikijitokeza juu ya ardhi. Mhandisi wa madini wa Kijerumani aliripoti habari zake mwaka 1906, wakati njaa ya Maji Maji ikiwa bado inaua. Kuanzia 1909 hadi 1913 wachimbaji wenyeji, ambao katika kilele cha kazi walifika mamia, walifukua mifupa hiyo, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, chini ya msimamizi mkuu Boheti bin Amrani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa hadi leo katika makumbusho ya Berlin, akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mwandishi hahitaji kubuni zimwi toka mbinguni wakati ardhi yenyewe imetoa mfupa wa paja unaomzidi mtu mzima kimo, tena katika mwaka uleule wa njaa.

Tuchukue mfano, ili maelezo yasiwe ya hewani. Mtoto tumwite Somoe, wa miaka kumi, Mmwera, anayeishi na bibi yake mwaka 1906 katika kijiji kilichochomwa. Watu wa kijiji wamejificha msituni, na askari wanawatafuta. Katika korongo, Somoe anakuta mfupa mkubwa ukimwita kwa wimbo. Zimwi limelala humo tangu zamani za kale, na linamwahidi kwamba akilitimizia mambo matatu litamrudisha baba yake. Swali la dunia zote mbili ni lipi? Askari wanamuuliza Somoe, "Watu wako wapi?" Zimwi nalo, katika ombi la tatu, linamuuliza neno hilohilo. Kila upande unampa ahadi tamu: askari chakula, zimwi baba. Ukishalipata swali la namna hii, libandike ukutani mbele ya meza yako, na kila onyesho ambalo halilikaribii swali hilo lifute, hata kama ni zuri kiasi gani.

Zimwi ni lazima liwe na sheria, na sheria hizo ziwe kali kama za jeshi. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoharibu, kwa kudhani kwamba ngano ni mahali ambapo lolote linaweza kutokea. Bibi zetu hawakusimulia hivyo. Katika ngano zao mwiko ulitajwa mapema na kwa maneno machache: usifungue chungu, usigeuke nyuma, usijibu ukiitwa mara moja. Msikilizaji aliukumbuka, akauogopa, na mwiko ulipovunjwa alijua hasara inakuja. Ofelia naye anaambiwa asile chochote kwenye meza ya kiumbe asiye na macho usoni, anakula zabibu mbili, na wawili kati ya viumbe watatu wadogo wenye mabawa waliomsindikiza wanaliwa mbele yake. Kosa ni dogo, malipo ni makubwa, wala hakuna anayelalamika kwamba hakuelezwa.

Kwa Somoe, mwiko wangu ungekuwa mtama. Bibi yake amebaki na kibuyu kimoja cha mbegu, na mbegu haziliwi hata njaa ikizidi, kwa kuwa zikiliwa hakuna msimu ujao. Zimwi linadai punje kwa kila jibu linalompa mtoto. Punje hizohizo ndizo zilizotiwa katika maji aliyopewa baba, na ndizo askari watakazozimwaga mavumbini watakapofika. Kitu kimoja kidogo kinachopita katika dunia zote mbili hufanya kazi kubwa kuliko maneno ya kurasa kumi, kwa sababu kamera inaweza kukisogelea mpaka kikajaa kwenye skrini. Chagua kimoja tu. Ukiwa na punje, ufunguo, hirizi na kioo kwa pamoja, mtazamaji hatashika hata kimoja.

Onyesho linalokiweka kitu hicho mbele ya mtazamaji linaweza kuandikwa hivi:

NJE. UKINGONI MWA KIJIJI KILICHOUNGUA. ALASIRI.

Bibi amekaa chini ya mti, kibuyu mapajani. Anamimina punje za mtama kiganjani, anazihesabu kwa kidole gumba, anazirudisha. Somoe anakuja na jembe dogo, miguu imejaa vumbi.

SOMOE: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Umepata nini?

SOMOE: Ming'oko. Mitatu tu. (Anautazama mtama.) Bibi, na huo?

BIBI: Huu wa kupanda.

SOMOE: Baba naye alipewa mtama. Na maji.

BIBI: Alipewa.

SOMOE: Mbona hakurudi?

Bibi anaziba kibuyu kwa gunzi.

BIBI: Kaioshe hiyo ming'oko, mama. Jua linakuchwa.

Katika onyesho hili hakuna aliyetaja Wajerumani, wala vita, wala mwaka, lakini njaa ipo, kifo kipo, na mwiko umekwisha kuwekwa. Bibi hajibu swali, kwa sababu mtu mzima aliyefiwa na mwanawe hajibu swali kama hilo kwa mtoto mwenye njaa. Waandishi wetu wengi huwapa wahusika hotuba hapa. Naomba sana, msiwape. Mwiteni mtoto "mama" kama bibi zetu wanavyoita, mbadilishe mazungumzo kama wanavyobadilisha, na mtazamaji wa Nachingwea au wa Nanyumbu ataelewa kila kitu.

Sasa ukatili wenyewe. Katika filamu ya Del Toro, mapema kabisa, kapteni anamkamata mkulima kijana na baba yake wanaodai kwamba walikuwa wakiwinda sungura. Anamuua kijana kwa kumpiga chupa usoni mara nyingi, kisha anampiga baba risasi, na baada ya hapo ndipo anapowakuta sungura ndani ya mfuko wao. Anawalaumu askari wake kwa kutowapekua vizuri, na usiku unaendelea. Kinachotisha zaidi katika onyesho hilo ni kwamba ukweli unajulikana na hakuna anayejali, na mtazamaji hawezi kumwona kapteni kwa macho yaleyale tena, hata anapokuwa amekaa kimya akisafisha saa yake. Jifunze kwamba ukatili mmoja ulioonyeshwa kikamilifu, mapema, kwa karibu, unatosha kuitia hofu filamu nzima. Ukirudiarudia, macho ya mtazamaji huzoea, na huo ni ukosefu wa heshima kwa wale walioteswa kweli.

Kwa hadithi ya Somoe, ningeuweka ukatili huo kwenye kihenge. Askari wanakiwasha moto, na kamera inabaki usoni mwa mwenye kihenge wakati punje zikisikika zikipasuka ndani ya moshi. Hakuna damu. Mtu yeyote aliyekulia kijijini anajua kwamba kuchoma akiba ya chakula ni kuua ukoo mzima polepole, na historia inatuambia kwamba hivyo ndivyo vita vile vilivyomalizwa. Tena mkumbuke kwamba askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa Waafrika, na kwamba Kiswahili kilitumika sana kati yao. Mwandishi mkweli hatamwachia mzungu mmoja ubaya wote. Mtieni kinywani askari sauti ya mtu ambaye mtazamaji angeweza kuwa ndugu yake, anayeita "mwanangu" huku akimwaga kibuyu, na hofu itaongezeka maradufu.

Kanuni moja naiona ni ya lazima kuliko zote katika aina hii ya filamu: zimwi linaweza kutisha, linaweza kudanganya, linaweza hata kula, lakini unyama mkubwa kuliko wote katika hadithi ufanywe na binadamu. Zimwi likiwa baya kuliko askari, umewapa askari mahali pa kujificha, na mtazamaji ataondoka akiogopa giza badala ya kuogopa kile watu wanachoweza kumfanyia mtoto. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la Somoe linamjua, linajua jina la baba yake, na linabakiza kitu. Askari hawamjui na hawabakizi.

Kuhusu mwisho, amueni mapema kama ngano ilikuwa ya kweli au ilikuwa kichwani mwa mtoto, halafu msimwambie mtazamaji. Lipeni kila jibu ushahidi wake. Katika Pan's Labyrinth, kapteni anapomkuta Ofelia akizungumza na kiumbe, yeye haoni kitu. Lakini mtoto huyohuyo alikuwa ametoka kwenye chumba chenye mlinzi mlangoni kwa kuchora mlango ukutani kwa chaki. Somoe naye akutwe peke yake korongoni akizungumza na mfupa mkavu, na baada ya mvua za kwanza mtama uwe umeota mahali ambapo hakuna mtu aliyeonekana akiupanda.

Tukija kwenye utengenezaji, mwandishi wa kusini anapaswa kuandika akijua majira. Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mwezi Septemba na Oktoba misitu ya miombo imekauka, mashamba yamechomwa, na rangi yote ni ya majivu na udongo mwekundu. Februari kila kitu ni kijani. Del Toro alizipa dunia zake rangi tofauti, ubaridi wa bluu na kijivu upande wa vita, dhahabu na wekundu upande wa ngano, kisha akaziacha zichanganyike kadiri filamu ilivyosonga. Sisi tunaweza kupewa tofauti hiyo bure na mbingu, mradi ratiba ipangwe kwa misimu miwili na maonyesho ya korongoni yasiyohitaji gari kubwa yaachiwe wakati wa mvua, ambapo barabara za vumbi hazipitiki kirahisi. Angalieni pia kisionekane kitu kisichokuwapo: mashamba makubwa ya mikorosho tunayoyaona leo yalienea baadaye sana, na bati la paa moja tu nyuma ya mhusika linaweza kuvunja mwaka 1906.

Zimwi lisitengenezwe kwa kompyuta. Hata katika filamu ya Hispania, kiumbe mwenye pembe na yule asiye na macho usoni walichezwa na mtu mmoja, Doug Jones, akiwa ndani ya mavazi na sura za bandia. Mtwara ina wachongaji wa Kimakonde ambao kwa miaka mingi wamechonga mashetani yenye viungo vilivyopindana, jicho mahali pa bega, mdomo mahali pa tumbo. Mchongaji mmoja wa namna hiyo akikaa na mwandishi kwa wiki chache, kwa mti mwepesi ili mchezaji asichoke, atatoa uso ambao hakuna programu inayoweza kuutoa. Lakini msichukue vinyago vya mapiko vya ngomani mkavitumia kama vazi la filamu. Vina wenyewe, vina siri za jando ambazo hazionyeshwi kwa wasioingia, na mwandishi mwenye adabu huomba kuchongewa kitu kipya. Kwa wimbo wa zimwi fanyeni vivyo hivyo: bibi wa Kimwera aombwe atunge kiitikio kwa lugha yake, alipwe, na jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu akiridhia.

Mtoto atakayeigiza asiguswe na ukatili huo. Maonyesho ya kihenge na ya mahojiano yapigwe vipande vipande, ili uso wa mtoto upigwe siku nyingine, yeye akimtazama mama yake aliyesimama kando ya kamera. Mwelezeni hadithi yote kabla, kwa lugha yake, mpaka mwisho, asikutane na zimwi kwa mara ya kwanza usiku wa kazi; amwone mchezaji akilivaa na kulivua, alishike, alipake rangi akitaka. Wazazi watie saini, na ratiba iheshimu shule.

Mswada ukikamilika, kabla ya kuupeleka Bodi ya Filamu Tanzania kuomba kibali, usomeni kwa sauti mbele ya wazee wa mahali hadithi inapotokea. Nendeni na mtu wa kuandika. Mzee akisema kwamba kihenge hakikuwa na mlango upande huo, au kwamba mtoto wa Kimwera asingemjibu bibi yake hivyo, badilisheni palepale. Akianza kusimulia ya kwake aliyoyasikia kwa babu yake, wekeni mswada chini, mfungue ukurasa mpya.